Siku Tuliyokwenda Kumzika Baba Yake Rigena

Momanyi alinipigia simu Jumapili mchana nikichambua maharage, akaniambia bila hata salamu, "Kemunto, wameuzima." Sikuuliza nini. Kwa majuma kadhaa alikuwa akinisumbua kwa jumbe: kwamba wenye ule mchezo wetu wa zamani wa kompyuta wametangaza kuufunga, kwamba wachezaji wa kale wanaalikwa waingie kwa mara ya mwisho waagane, kwamba yeye ameshaingia na mtu wake wa mchezoni bado amesimama pale pale alipomwacha, upinde mgongoni, kijana vilevile, ilhali Momanyi mwenyewe sasa ana kitambi na anameza dawa za presha. Nilijaribu, sikatai. Niliazima kompyuta ya mwanangu, nikaketi nayo hapa jikoni kwangu Kisii, nikaulizwa neno la siri, nalo neno la siri sikulikumbuka. Nikajaribu jina la mbwa tuliyekuwa naye, nikajaribu jina la kijiji, mwishowe nikaifunga kompyuta nikarudi kwa maharage yangu. Nimechoka na kuaga. Katika umri huu simu ikilia unatazama kwanza ni nani, halafu unavuta pumzi, ndipo unapokea.

Mwanangu naye hucheza, ila kwenye simu, na hunitazama kwa huruma ninapomsimulia ya zamani. Anasema siku hizi hakuna kungoja mtu. Unabonyeza, mchezo wenyewe unakutafutia wenzako, mnaua zimwi, mnatawanyika, hata majina hamjaulizana. Yeye anayaita hayo maendeleo. Mimi naona ni kama kula arusini kwa watu usiowajua: shibe ipo, lakini ukitoka nje huwezi kusema umekula kwa nani. Maoni yangu kuhusu michezo hii ya watu wengi yamezeeka pamoja nami, na sina nguvu ya kuyatetea. Kwanza, ni kazi. Asikudanganye mtu kwamba ni starehe. Unawaua nguruwe mwitu wale wale kwenye kichaka kile kile, na kabla hujafuta jasho wamefufuka, sawa na majani chai unayochuma leo na juma lijalo kichaka kimechipuka tena kinakungoja. Tofauti ni kwamba chai angalau ina siku ya kulipwa bonasi. Halafu, mchezo mzuri ni ule unaokunyima. Wetu ulitunyima karibu kila kitu. Mimi nilikuwa mponyaji, na mponyaji peke yake hakuweza kuua hata kuku. Ilibidi uombe watu wakusindikize, na mtu mwenye haya kama nilivyokuwa alijifunza kuomba, akajifunza pia kushukuru. Wale wanaosema ni upuzi wa watoto nimewachoka, na wale wanaosema ni maisha yao yote nimewachoka zaidi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa baada ya kidato cha nne, mwaka wa kungoja. Unangoja matokeo, matokeo yakitoka unangoja barua, barua ikichelewa unangoja mtu akuambie la kufanya. Mimi nilingojea kwa mama yangu mdogo, Anti Nyanchama, aliyekuwa na duka la kompyuta mjini Nyamira, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kupitia mbao za sakafu na kukaa kwenye nguo, hata kanisani watu walinusa wakajua nimetoka wapi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za watu, kutoa nakala za vitambulisho, na kuwaonyesha wazee jinsi ya kumwona mtoto aliye ng'ambo akitabasamu kwenye skrini. Asubuhi tulikuwa na watu. Mchana mvua ilinyesha, kama inavyonyesha huko kwetu karibu kila mchana, na hapo hakuna aliyepanda ngazi. Anti alileta ndizi zilizopikwa pamoja na mboga za managu kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, tukala, kisha akaenda upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi kupiga gumzo na fundi wa nguo, Mama Delvin. Mimi nikabaki na mashine zikinguruma na saa nzima nzima za bure. Ndivyo nilivyoingia kwenye mchezo. Sikuvutiwa na chochote. Nilikuwa nimechoka kungoja nikiwa nimekaa bure, nikaona bora ningoje nikiwa na shughuli.

Ukuta ule wa plaiwudi ulinifundisha mengi. Nilisikia nani ameachwa, nani ameuza ng'ombe wa mahari, na mara kwa mara nilijisikia mwenyewe nikizungumziwa. "Huyo msichana wako anaongea na kompyuta," Mama Delvin alisema siku moja, cherehani ikinyamaza kidogo. "Jana nimemsikia anacheka peke yake. Hiyo si kitu ya kuombea?" Anti akajibu kwa sauti aliyojua kabisa inanifikia. "Ati ako na marafiki huko ndani. Nikamuuliza, hao marafiki, ukifiwa watakuja? Watabeba kuni? Watachota maji? Akarudi kwa kompyuta tu." Kwetu huo ndio mtihani, na haujabadilika mpaka leo. Urafiki hauhesabiwi kwa vicheko. Unahesabiwa siku ya matanga, nani alikuja na nani alituma salamu. Swali lile la Anti nami nilikuwa najiuliza.

Kazi ya mponyaji, kwa asiyeijua, ni hivi. Wenzako wako mbele wanapigana, wewe uko nyuma, na kila mmoja ana ukanda wa kijani juu ya kichwa chake unaoonyesha uhai uliombakia. Ukanda ukipungua, unamtumia dawa, unajaa. Huyu anapungua, yule anapungua, unajaza, unajaza. Mwaka mzima nilipigana na mazimwi na sikuona uso wa zimwi hata moja, kwa maana macho yangu yalikuwa kwenye kanda zile tu. Wote wakipona, sifa zinakwenda kwa mwenye upanga. Akifa mmoja, kila mtu anauliza mponyaji alikuwa wapi. Mvua ikizidi pale Nyamira, mtandao uliganda, na wenzangu nao wakaganda mguu mmoja hewani, na mtandao uliporudi nilikuta maiti na lawama. Nilidhani ninalalamika wakati ule. Leo, nikiwa nimelea watoto na kuuguza watu, naona kwamba mchezo ulinionyesha mapema maisha ya mwanamke yalivyo, ila nilikuwa mdogo nikadhani ni mchezo.

Rigena nilimtambua kwa jina. Katika ulimwengu ule uliojaa Wazungu na Wakorea waliojiita majoka na vivuli vya mauti, nilimwona mbeba ngao mmoja, pande la mtu, amesimama chini ya lango la mji, na juu ya kichwa chake pameandikwa Rigena, yaani jiwe kwa Kikisii chetu. Nikaandika mbele ya watu wote salamu ya kwetu, "Bwakire?" Ukapita muda, mpaka nikadhani nimejiaibisha, kisha likaja jibu, "Bwakire buya," na baada yake, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Nyamira. Akasema yeye ni wa Ekerenyo. Majirani kabisa, tumekutana mwisho wa dunia! Tangu siku hiyo hatukuachana. Yeye alikwenda mbele na ngao yake akapokea mapigo ya kila mtu, mimi nikamjaza kwa nyuma. Alikuwa mtani kupindukia. Nikichelewa kumponya aliandika, "Kemunto, unapika chai ama unafanya kazi?" Nikamwambia ngao yake ni mfuniko wa sufuria. Sikujua sura yake, sikujua jina lake la kweli, naye hakuuliza langu maana nilikuwa nimejiita Kemunto, jina langu la kweli, kwa kukosa lingine. Majina yote mazuri yalikuwa yamechukuliwa na wageni.

Tukajiunga na chama, kundi la Wakenya kumi na kitu waliotawanyika Nakuru, Thika, Eldoret, na Momanyi ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Kisii na alikuja Nyamira mara mbili au tatu kunitembelea. Kulikuwa pia na Mtanzania mmoja wa Mwanza. Mungu amsamehe, alikuwa akitusahihisha ngeli katikati ya vita. Zimwi linakutafuna, unaandika "saidia mimi, hii kitu inaniua," naye anajibu, "Kitu hiki kinaniua." Ikawekwa sheria kwamba katika chama ni Kiswahili tu, na kiwe Kiswahili cha kueleweka, ili pasiwe na watu wa kusengenyana kwa lugha za nyumbani. Rigena na mimi tukabakiza ile salamu peke yake, mengine tukayaweka kando. Tukaanza kuandika vizuri hata tukajishangaa.

Rigena alikuwa na tabia moja. Katikati ya pigano aliandika, "Ngojeni kidogo, baba anataka maji," akatoweka. Pande lile la mtu lilibaki limesimama, nasi tukalizunguka kulilinda mpaka arudi. "Baba amelala sasa, twendeni." "Baba leo amekula vizuri." Tukajua ana mzazi mgonjwa anayemuuguza, tukamwambia, "Msalimie baba," naye akajibu, "Anasema asanteni." Polepole tukamjenga yule mzee akilini mwetu. Momanyi alisema lazima ni mzee mkali, mwenye fimbo. Mimi nilimwona na koti zito, ndevu nyeupe, akipokea uji kwa mikono miwili. Mtu wa Mwanza alimtungia dua ndefu yenye ngeli zote mahali pake.

Ndipo siku moja mchana, mvua ikinyesha, nikafungua nikaukuta ujumbe wake kwenye ukurasa wa chama. "Ndugu wa chama, baba ametutoka jana asubuhi. Tutazika Alhamisi hapa Ekerenyo. Mnaoweza, njooni. Kemunto, wewe usikose." Mwenyewe hakuwapo tena mtandaoni aulizwe. Chini ya ujumbe rambirambi zilikuwa zimejaa, wa Mwanza akimwombea marehemu baba pema peponi. Mimi nilisoma ile sentensi ya mwisho mara nyingi. Katika chama kizima alikuwa amenitaja mimi. Nilimwendea Anti upande wa pili wa plaiwudi nikamwambia nataka ruhusa Alhamisi niende matangani Ekerenyo. "Kwa nani?" "Kwa rafiki yangu wa kwenye kompyuta. Amefiwa na baba." Mama Delvin akaiacha cherehani. "Kumbe wanakufa," alisema Anti. Kisha akaniambia nichukue sukari na majani ya chai, kwa sababu mtu haendi matangani mikono mitupu.

Momanyi alikuja tukaenda naye. Pale sokoni Ekerenyo tulimwuliza kijana wa bodaboda matanga ni wapi. "Leo iko mbili," akasema. "Mnaenda ya mzee ama ya mama?" Tukajibu kwa pamoja, "Ya mzee," tena kwa haraka, kama watu wenye hakika. Akatupeleka. Ilikuwa boma kubwa, mahema mawili, kwaya ya kanisa imevaa sare, na mbele, kando ya jeneza, wamekaa watoto wa marehemu. Niliwatazama mmoja mmoja nikimtafuta Rigena. Wote walikuwa watu wazima, wenye mvi, wanawake wenye wajukuu mapajani. Nikamnong'oneza Momanyi, "Huenda ndiye yule mwenye miwani." Momanyi akasema yule ana miaka hamsini. Tukakaa nyuma. Tukaimba, tukainamisha vichwa, tukangoja atakayetutambua.

Mzee wa kanisa aliyeshika maikrofoni ndiye aliyetutambua. "Naona wageni wawili vijana hapo nyuma. Wasimame watusalimie, watuambie wametoka wapi." Momanyi akanisukuma kwa kiwiko, maikrofoni ikaletwa. Nikasema jinsi nilivyokuwa nimejizoeza. "Bwana asifiwe. Sisi ni marafiki wa mtoto wa marehemu. Tumetumwa na wenzetu wa chama tuje tuseme pole." Watu wakaitikia vizuri. "Asante sana," mzee akasema. "Mtoto yupi? Asimame awasalimie." Nikawatazama wale wenye mvi, nao wakatazamana. Hakuna aliyesimama. "Hayuko hapa?" "Bado sijamwona." "Anaitwa nani?" "Sisi tunamuita Rigena." Watoto wa marehemu wakageuza vichwa wote, wanawake chini ya hema la pili wakaanza kunong'onezana, na mwalimu wa kwaya, mtu mwenye busara, akaanzisha wimbo ambao haukuwa kwenye programu.

Tuliitwa nyuma ya jiko. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu na gambuti, mdogo wa marehemu, alituketisha kwenye magogo ya kuni na kusema kwa upole uliotutisha. "Sasa nyinyi watoto, mniambie pole pole. Huyo Rigena ni wa miaka ngapi?" Nikasema labda ishirini na kitu, sijui. "Na mama yake ni wa wapi?" Momanyi, katika uaminifu wake, akajibu, "Hajawahi kumtaja mama. Huwa anamtaja baba tu." Mzee akashika kichwa. "Obe! Anamtaja baba tu." Hapo ndipo nilipofahamu wanachofikiri. Kila matanga kwetu yana hofu hii, kwamba kaburi likiwa wazi atatokea mtoto asiyejulikana, ameshika picha, na nyuma yake mwanamke. Mjane alikuwa amekuja kusimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga leso mbili. "Wacha waseme," alimwambia shemeji yake. "Kama yuko, yuko. Mzee alikaa Kericho kwa kazi miaka hiyo yote. Mimi nilikuwa hapa na ng'ombe." Hakulia wala hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, na nimekuja kuuelewa uchovu ule baadaye.

Aliyetuokoa alikuwa bibi kizee aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, ambaye hakuna aliyedhani anasikiliza. Akauliza bila kuinua macho, "Huyo mtu wenu aliwaambia nini? Semeni vile alisema." Momanyi akasema, "Aliandika, baba ametutoka." "Na yeye ni Mkisii?" "Ni Mkisii." Kisu kikasimama. "Sasa si ni mama yake!" Akaanza kucheka, meno mawili yote nje. "Nyinyi watoto wa shule! Baba ni nani kwa Kikisii? Tata ndiye mwanaume. Mtu akilia, analia na lugha gani? Huyo ni Mwalimu Ondieki wa hapo ng'ambo ya mto. Anazika mama yake leo."

Msomaji asiye wa kwetu anisamehe, nilipaswa kusema tangu mwanzo, lakini na mimi niliambiwa siku hiyo. Kwa Kikisii baba ni mama. Nilijua! Mimi mwenyewe nilimwita mama yangu baba mpaka siku niliyoingia darasa la kwanza, mwalimu akanichapa akisema baba ni yule mwenye suruali. Sheria ya chama na ngeli za yule wa Mwanza zilikuwa zimenisafisha kichwa kabisa. Kwa Rigena lile halikuwa neno, lilikuwa jina la mtu wake, na jina la mtu halitafsiriwi. Nasi kwa miezi tulimsalimia baba yule, tukamwombea, bila yeyote kugundua, maana Kiswahili hakikuulizi kama ni yeye mwanamume au ni yeye mwanamke. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti akicheka mpaka leso ya kichwa ikamtoka. "Mngenipatia mke mwenza siku ya kumzika mzee," alisema akifuta macho. "Haya kimbieni. Kimbieni mwenzenu anawangoja."

Tulikimbia. Tuliteremka katikati ya chai na migomba, mvua ya mchana ikiwa imeshaanza, tukavuka mto kwenye mawe, tukapanda upande wa pili tukishika nyasi. Tulipofika hema lilikuwa linakunjwa. Kaburi lilikuwa limefunikwa, maua yamelala juu yake yakinyeshewa, na wanawake wanaosha sufuria. Dada mmoja mwenye aproni akatuuliza, "Nyinyi ndio wageni wa Ondieki?" Tukasema ndio sisi. "Tumewangoja sana. Pasta amekasirika. Ondieki amekataa jeneza lishushwe, anasema bado kuna mtu anakuja, mpaka kaka zake wakamshika mkono." Alisema hivyo bila ukali, akaenda kutupakulia chakula. Nilitamani ardhi inimeze na mimi.

Rigena alitoka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimemtarajia mtu mkubwa. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka kama thelathini, suti imempwaya, macho mekundu. Alitushika mikono akasema, "Karibuni, wageni." Wageni! Mtu aliyeniambia napika chai badala ya kufanya kazi. Momanyi alieleza kisa cha baba na mama, na watu waliosikia wakacheka, hata kaka zake, naye akatabasamu kidogo kwa adabu. Kisha tukakosa la kusema. Hilo ndilo jambo ambalo wanaoimba sifa za urafiki wa michezoni hawalitaji. Tulikuwa tumeokoana mamia ya mara, na sasa tumesimama uani na sahani za wali, hatujui kama tuulize habari za mahindi.

Hakucheza tena baada ya siku ile. Sisi tulimngojea kwenye lango la mji juma baada ya juma, wa Mwanza akasema labda tumemkosea, Momanyi akasema ana hasira. Haikuwa hivyo. Aliniandikia baadaye kwamba amerudi kufundisha, shule iko mbali, jioni anasahihisha madaftari. Nilipopata barua yangu ya chuo nami nikaondoka, na wa Thika akaoa, na chama kikafa kama vyama vinavyokufa, bila ugomvi. Haya ndiyo maoni yangu ya mwisho kuhusu ulimwengu ule, na sijakutana na mchezaji wa enzi zetu aliyeyakana: tuliokuwa mle tulikuwa watu tuliofungwa na kitu. Mmoja amefungwa na mgonjwa, mwingine na matokeo, mwingine na kukosa kazi. Kamba ikikatika, mtu anakwenda, na wewe uliyempenda unabaki ukilinda mwili wake uliosimama. Simlaumu aliyekwenda. Ila sitaki tena kuanza.

Siku ile, kabla hatujaondoka, aliniambia anataka kunionyesha kitu, akanipeleka ndani, Momanyi akabaki barazani na kaka zake. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda kisicho na godoro, dirisha limefunguliwa wazi. Kwenye meza, karibu kabisa na kitanda, ilikuwapo kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kiti kimewekwa upande ambao mtu angeweza kuiona skrini na mgonjwa kwa pamoja. "Hapa ndio nilikuwa nakaa," akasema. "Yeye hapo. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, lakini masikio yalikuwa mazuri sana." Akakinyoosha kile kitambaa. "Wewe hujui, mimi nikicheza napiga kelele. Kemunto niponye! Kemunto, haraka, niponye! Akaniuliza, huyo Kemunto ni daktari? Nikamwambia ni mponyaji. Ningemweleza mchezo namna gani? Akasema, basi mlete. Kila siku anakuponya wewe, kwani mimi nina makosa gani?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia unakuja." Hakuwa ananitazama. "Nilifikiri atasahau. Lakini kila asubuhi nikimpa uji, ananiuliza, amefika wapi? Nikasema uko Nyamira, unatafuta ruhusa. Kesho yake, umetoka. Juma lile la mwisho nikamwambia umeshuka hapo sokoni. Alikuwa anataka avalishwe nguo nzuri. Na asubuhi ile aliyotutoka akaniuliza tena, amefika wapi. Nikamwambia unavuka mto."

Niliketi kwenye kiti chake nikamlilia mama yule, ambaye sikuwahi kumwona na ambaye sikuwa na dawa yake.